Kabla hujanunua seng'enge: kipi kitangulie ukilinda boma dogo

Asubuhi niliyopoteza kuku tisa, uzio wangu wa nje ulikuwa mzima kabisa. Nguzo zimesimama, seng'enge imekazwa, geti limefungwa kwa kufuli. Aliyeingia hakuhitaji geti. Alifika ubavuni mwa banda, akaung'ata wavu wa kuku pale ulipokuwa umeanza kushika kutu, akapanua tundu ambalo ngumi yangu haikupita. Kuku wawili tu ndio walioliwa. Saba walikuwa wamelala chini ya kichanja, shingo zimetobolewa, hawana kingine kilichoguswa. Sikumwona, lakini kwa alama zile nadhani alikuwa kicheche. Jamii yake huua kuzidi njaa.

Karibu fedha zangu zote zilikuwa zimekwenda kwenye mpaka, na chenji ndiyo iliyojenga banda. Kwa hiyo orodha hii inakwenda kinyume na nilivyofanya mimi. Inaanzia pale mnyama anapolala na kutoka nje polepole hadi mpakani, kwa mfuatano ambao ningenunua leo nikiwa na fungu dogo.

Kamba na vigingi kwanza, duka baadaye

Tenga jioni moja, zunguka eneo, kita kigingi kila kona, vuta kamba na upime. Umbo hula wavu kuliko ukubwa. Mraba wa mita 20 kwa 20 una mita za mraba 400 na unazungukwa na mita 80 za uzio. Mstatili wa mita 40 kwa 10 una mita za mraba zilezile 400, lakini unadai mita 100. Umbo la kiwanja hulibadilishi, ila unaweza kuamua ni sehemu gani yake izungushwe vizuri na ipi ibaki na alama za mpaka tu. Shamba la mahindi halihitaji uzio wa zizi.

Banda liwe mahali unapoliona kutoka dirisha la chumba cha kulala, hata kama harufu itakuudhi siku mbili tatu za mvua. Geti liwe moja. Kila geti la ziada ni bawaba, komeo na ufunguo wa kusahau. Pande zote mbili za uzio acha ukanda mtupu wa mita moja hivi, usiwe na nyasi ndefu wala rundo la mbao, maana mnyama anayewinda hapendi kuvuka mahali peupe na wewe utaona alama zikianza. Mti ulioinamia uzio ni ngazi ya bure. Na chakula cha mifugo kikae kwenye pipa la bati lenye mfuniko wa kubana: punje zilizomwagika huita panya, panya huita nyoka, na nyoka akishazoea hapo, mayai hayabaki.

Kisha jiulize unamzuia nani. Kuna wanaochimba, kama mbweha na mbwa wazururaji. Kuna wanaopanda, kama paka mwitu. Kuna wanaopenya, kama kicheche, nguchiro, panya na nyoka. Kuna wanaotoka juu, mwewe mchana na bundi usiku. Na kuna anayefungua, ambaye ni binadamu. Hakuna kifaa kimoja kinachowazuia wote watano, hata muuzaji akiapa.

1. Wavu wa kuchomelewa kwa banda la usiku

Hapa ndipo pa kutoboa mfuko. Wavu wa kuku, ule mwepesi wa tundu zenye pembe sita, umetengenezwa kumzuia kuku asitoke. Kumzuia adui asiingie ni kazi nyingine. Waya wake ni mwembamba kiasi kwamba mbwa mwenye nia huuchana kwa meno, na tundu za inchi moja zinatosha kichwa cha kicheche. Kichwa kikipita, mwili hufuata.

Tafuta wavu wa kuchomelewa wenye tundu za mraba za nusu inchi, yaani kama milimita 13. Tundu hilo humzuia kicheche, nguchiro, panya mkubwa na nyoka wote isipokuwa wale wembamba sana. Panya wadogo watapita bado. Hao wanadhibitiwa kwa pipa la chakula, si kwa wavu. Unene wa waya usipungue milimita 1.

Kuhusu unene kuna mtego mmoja. Wauzaji hutaja geji, na geji hukimbia kinyumenyume: namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba. Geji 16 ni nyembamba kuliko geji 12. Isitoshe, kuna vipimo vya geji zaidi ya kimoja duniani, kwa hiyo geji 12 ya kiwanda hiki inaweza isilingane na ya kile. Omba milimita. Muuzaji akishindwa kukujibu, toa futi yako au kalipa (koleo ya kupimia unene), upime mwenyewe. Mimi huenda nayo, na sijali wanavyonitazama.

Ukishaushika, upeleke kwenye mwanga wa jua, utazame pale nyaya mbili zinapokutana. Wavu uliozamishwa kwenye zinki baada ya kuchomelewa una zinki iliyojaa kwenye kiungo kama tone la nta iliyoganda. Uliochomelewa kwa nyaya zilizokwisha kupakwa una alama ya kuungua kwenye kila kiungo, na hapo ndipo kutu huanzia. Baada ya kutazama, shika nyaya mbili jirani na uzipindue kwa vidole. Kiungo kikiachia mkononi mwako, hakitasubiri meno.

Wavu wa aina hii ni ghali kwa mita, na watu wengi wanapoona hesabu hurudi kwenye ule mwepesi. Njia nzuri zaidi ni kupunguza eneo la wavu. Jenga kuta za banda kwa mbao, mabati au matofali, uache madirisha ya hewa sehemu ya juu, na wavu wa nusu inchi uufunge kwenye madirisha hayo tu. Uwanja wa kuku wa mchana unaweza kuwa na wavu wa tundu kubwa, mradi sentimita 60 za chini ziwe na wavu wa tundu dogo na juu pawe na chandarua cha kumzuia mwewe.

Kufunga wavu nako kuna namna. Pini za stepla hutoka zikisukumwa kwa mguu. Tumia parafujo na washa pana (kisahani cha chuma chenye tundu), au ubao mwembamba uliopigiliwa juu ya ukingo wa wavu. Chini, usichimbe mtaro mrefu kama huna nguvu za kuchimba. Kata ukanda wa wavu wa sentimita 30 hadi 45, ulaze juu ya ardhi kuelekea nje kuanzia mguu wa ukuta, uushikize kwa vigingi na kuuacha nyasi ziumeze. Mnyama anayechimba huanzia pale ukuta unapogusa ardhi. Akikuta waya chini ya kucha zake husogea kushoto au kulia; kurudi nyuma nusu mita na kuanza upya hakumjii akilini.

Kwa mbuzi na kondoo tundu linaweza kuwa kubwa, hata milimita 50, lakini waya uwe mnene na zizi liwe na paa. Zizi lisilo na paa linamfaa anayepanda.

2. Komeo, bawaba na kufuli

Vitu hivi ni vidogo, na watu huvinunua mwisho wakiwa wamechoka. Ningevinunua siku moja na wavu.

Simama nje ya mlango wa banda lako uutazame kwa macho ya mwizi. Je, unaziona parafujo za komeo? Kama unaziona, kufuli lako ni pambo. Atakayekuja atatoa bisibisi, atafungua parafujo nne, na kuliacha kufuli limening'inia likiwa limefungwa barabara. Nunua bolti zenye kichwa laini cha mviringo, zipite mlango mzima, nati ikazwe upande wa ndani juu ya washa. Bawaba nazo ni vilevile. Kwa geti linaloning'inia kwenye pini, pindua bawaba ya juu ili pini yake itazame chini. Bila hivyo watu wawili hulinyanyua geti zima na kuliegemeza pembeni kama picha ya ukutani.

Kwenye kufuli, tazama upinde. Upinde mrefu unaingiza mtaimbo. Chagua lenye upinde mfupi wa chuma kigumu, au lile ambalo mabega yake yameinuka kuuficha upinde. Ukiweza kupata seti ya kufuli tatu zinazofunguliwa kwa ufunguo mmoja, chukua. Boma lenye funguo saba huishia na milango mitatu isiyofungwa.

Kwa wanyama, komeo la kunyanyua tu halitoshi kila mahali. Rakuni wa Marekani ana vidole vya kufungulia makomeo mepesi, na mbuzi mwerevu hujifunza kwa ulimi. Komeo linalohitaji vitendo viwili, kusukuma kisha kunyanyua, huwashinda wote wawili.

Usisahau uwazi wa chini ya geti. Niliwahi kuupima wangu: sentimita 11, na ardhi chini yake imelainika kwa kupitwa. Kizingiti cha zege kiliumaliza mchana mmoja.

Milango ya banda inayojifunga yenyewe kwa saa au kwa kihisi cha mwanga inafaa kwa anayerudi usiku. Lakini mlango haujui kuhesabu. Kuku aliyechelewa hufungiwa nje, na kihisi cha mwanga huweza kudanganywa na mawingu mazito. Ukiununua, hesabu kuku bado ni kazi yako.

3. Uzio wa mpaka

Sasa tumefika walikoanzia wengi.

Kwa boma dogo naupa nafasi ya juu wavu wa kusuka, wengi huuita chenlinki, wa tundu za milimita 50 na urefu wa mita 1.8. Sababu yangu kubwa ni kwamba unaona upande wa pili. Ukuta mzima unamficha mwizi akishaingia. Akiwa nyuma ya wavu, jirani anamwona na mbwa anambwekea kabla hajagusa kitu. Udhaifu wake ujue pia: ukikata waya mmoja na kuuzungusha kutoka juu hadi chini, wavu unafumuka kama sweta. Kwa hiyo unazuia wanyama wakubwa vizuri, na binadamu unamchelewesha tu.

Nguvu ya uzio huo iko kwenye nguzo. Nunua nguzo kwanza, na fedha zinazobaki ndizo ziamue aina ya wavu. Nguzo za kona na za geti ziwe nene kuliko nyingine, zizame zaidi ardhini, na kila moja iwe na mkono wa kuiegemeza upande unaovutwa. Za katikati zizame sentimita 60 na zisiachane zaidi ya mita 3. Nguzo ya mti huozea pale udongo na hewa vinapokutana, kwa hiyo dawa ikiwa imeishia sentimita 20 chini ya usawa huo, umenunua kuni. Waya wa kukaza upite juu, katikati na chini kabisa. Usipouweka wa chini, mbwa huunyanyua wavu kwa pua.

Nafasi ya pili ni ua hai wa miti ya miiba, kama michongoma. Ni rahisi kuliko vyote kununua na ni mgumu kuliko vyote kusubiri: miaka miwili mitatu kabla haujafunga, na kupogoa kusikokwisha. Chini hubaki na matundu yanayohitaji wavu mfupi. Minyaa hustawi upesi na mifugo huikwepa, lakini utomvu wake ukiingia machoni ni balaa, hivyo sipendi iwe karibu na watoto. Nikiwa na muda, ningepanda ua hai nje ya uzio wa wavu, na wavu ukizeeka, ua umekomaa.

Ukuta wa matofali naupa nafasi ya tatu. Najua wengi watabisha. Ni imara, haudai matunzo mengi, na unatuliza moyo. Ila kwa boma dogo unameza fedha za vitu vyote vilivyotangulia, na mwizi aliye ndani ya ukuta anafanya kazi kwa starehe. Ukijenga, acha matundu ya maji chini na uyazibe kwa wavu wa nusu inchi.

Seng'enge peke yake naiweka mkiani. Joseph Glidden wa De Kalb, Illinois, alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya seng'enge yake mwaka 1874, na shida iliyokuwa ikitatuliwa ilikuwa ng'ombe: mnyama mkubwa, mwenye kifua, anayesukuma. Kicheche hana kifua cha kusukuma, hupita katikati ya nyaya. Kazi yake halali kwenye boma dogo ni mstari mmoja au miwili juu ya wavu. Waya wa nyembe usiufunge mahali mtoto au mbuzi anapofika, na ulizia sheria za eneo lako kabla, kwa kuwa kuna mahali haziuruhusu kwenye makazi.

4. Umeme

Uzio wa umeme ungeshika nafasi ya tatu kama watu wangekuwa wanautunza. Hautunzwi. Unafanya kazi kwa kumfundisha mnyama: anagusa kwa pua mara moja, hatamani tena. Lakini jani moja refu linaloegemea waya likilowa linavuta umeme kwenda ardhini, na mwezi mmoja wa uvivu unauzima uzio mzima bila wewe kujua.

Unanunua vitu vitatu: mashine ya kurusha mipigo, waya, na ethi, yaani vijiti vya chuma vinavyokitwa ardhini. Mashine hurusha mpigo mfupi sana mara moja kwa sekunde hivi. Uliza jouli (kipimo cha nguvu ya mpigo) zinazotoka, si zile zilizohifadhiwa ndani, maana kwenye boksi huandikwa namba kubwa kati ya hizo mbili. Kwenye waya unataka walau volti 3,000, na kipimo cha kujua hilo ni kifaa cha mkononi ambacho wengi hukiacha dukani. Kinunue.

Uzio ukiwa dhaifu, mara nyingi kosa liko kwenye ethi. Umeme hutoka kwenye waya, hupita kwenye mnyama, huingia ardhini na lazima urudi kwenye mashine kupitia vijiti vya ethi. Ardhi kavu hairudishi vizuri. Fuata idadi ya vijiti iliyoandikwa kwenye maelekezo ya mashine, vikitwe mahali penye unyevu. Mimi hupeleka maji ya kunawia huko. Waya mmoja kwenye kimo cha pua ya mbweha, sentimita 20 kutoka ardhini, mbele ya uzio wa wavu, una faida kuliko nyaya tano juu.

Mawili ya kutofanya kabisa: usiunge waya wa uzio moja kwa moja na umeme wa nyumbani, huo unaua, wala usipitishe umeme kwenye seng'enge, kwa kuwa aliyenaswa na miiba hawezi kujitoa kati ya mpigo na mpigo. Na weka vibao vya onyo.

5. Mbwa

Mbwa si kifaa, ila watu humnunua kama kifaa, ndiyo maana yumo humu. Bei yake halisi ni chakula cha kila siku, chanjo ya kichaa cha mbwa na miaka kumi ya maisha yako.

Kuna mbwa wa kubweka na mbwa wa kulinda mifugo, nao ni kazi mbili. Shirika la Cheetah Conservation Fund la Namibia, lililoanzishwa na Laurie Marker mwaka 1990, lilianza mwaka 1994 kuwapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki wanaokaa na kundi. Duma anapowakuta huondoka, na mfugaji hana tena sababu ya kumpiga risasi. Mbwa wa aina hiyo huingizwa kwa mifugo akiwa mtoto wa wiki chache na huchukua mwaka na nusu au zaidi kukomaa. Kwa boma la kuku ishirini ni mkubwa mno. Mbwa wa kawaida mwenye sikio jepesi, anayelala nje karibu na banda, anatosha, mradi amefundishwa mapema kwamba kuku si chakula. Mbwa aliyefungwa mnyororo upande wa pili wa nyumba anawaamsha majirani tu.

6. Taa

Richard Turere alikuwa mvulana mdogo aliyelinda ng'ombe wa baba yake kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Kwanza alijaribu moto. Ukawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akaweka sanamu ya mtu; siku ya kwanza simba wakaiona wakageuka, siku ya pili wakaona kwamba kitu kile hakitembei. Kisha akagundua kwamba wanaogopa tochi inayotembea. Akaunganisha betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, na kile kisanduku cha pikipiki kinachofanya taa za kupindia ziwake na kuzima, taa zikawa zinamulika zamu kwa zamu kuzunguka zizi kana kwamba kuna mtu anazunguka na tochi. Mwaka 2013 alisimama kwenye jukwaa la hotuba la TED kusimulia.

Somo la mnunuzi limo humo: taa inayowaka usiku kucha mahali pamoja huzoeleka. Nunua inayowaka ghafla kwa kihisi, au inayobadilisha mwako. Kihisi cha joto huona zaidi kinachokatiza mbele yake kuliko kinachokijia uso kwa uso, kwa hiyo kifunge kikitazama ubavuni mwa njia. Kwenye kasha tafuta alama ya IP65, kumaanisha vumbi haliingii na maji ya kurushwa hayaingii. Uliza kama betri hubadilika. Ikiwa imegandishwa ndani kwa gundi, umenunua taa ya misimu miwili.

7. Kamera na kengele

Kamera inakusimulia ulichopoteza. Nainunua ya mwisho, na moja tu, inayotazama geti. Kengele ya sumaku ya mlangoni ni nafuu na inafaa zaidi, kwa kuwa inakuamsha.

Vya kuacha dukani

Vifaa vinavyodai kufukuza panya kwa mlio usiosikika: mwaka 2001 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwaandikia watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kuwaonya kwamba madai yao yanahitaji ushahidi wa kisayansi. Bundi wa plastiki hudumu siku chache, kisha kunguru humtua kichwani. Sumu usiitege nje: atakayeila huliwa na mwingine, na huyo mwingine anaweza kuwa mbwa wako au bundi halisi aliyekuwa akikupunguzia panya bila malipo.

Vipande vya wavu wa nusu inchi vikibaki, hata vya ukubwa wa kiganja, usivitupe. Vitundike ndani ya banda pamoja na koleo na waya laini. Tundu utaliona jioni, ukienda kuhesabu kuku, na duka litakuwa limefungwa.